Shawa ya umeme, hita ya tangi au sola: ipi itadumu kwa maji ya nyumbani kwako?

Watu wanaomalizia nyumba huuliza kwanza hita ya kampuni gani ni nzuri. Mimi kama fundi bomba huanza na swali jingine: maji yatakayoingia humo yanatoka wapi? Hita mbili za kampuni moja, zilizotoka kwenye duka moja siku moja, moja inaweza kwenda Mwanza ikafanya kazi zaidi ya miaka kumi, na nyingine ikafungwa Kigamboni kwenye kisima cha chumvi ikatoboka mapema kabisa, warranti ikiwa bado mbichi. Maji ndiyo yanayoamua kwa sehemu kubwa. Baada ya maji inakuja presha, kisha mkono wa fundi aliyeifunga, kisha matunzo. Nembo naiweka mwisho.

Nalinganisha aina tatu zinazouzwa sana madukani kwetu: shawa ya umeme inayopasha maji yanapopita, hita ya tangi ambayo wengine huiita boila, na sola ya juu ya paa. Ya gesi nitaigusa kidogo tu.

Kwanza yajue maji yako

Maji huua hita kwa njia mbili, na watu wengi huzichanganya.

Njia ya kwanza ni ugumu wa maji, yaani kalsiamu na magnesiamu iliyoyeyuka ndani yake. Maji hayo yakipata moto, kalsiamu hujitenga na kuganda kuwa ukoko mweupe. Ukoko unaifunika elementi, ile sehemu inayopasha maji ndani ya hita, joto linakosa pa kwenda, elementi inazidi kuwaka ndani ya ganda lake mpaka inapasuka. Kazi hiyo huongeza kasi sana joto likivuka nyuzi 60.

Njia ya pili ni chumvi, hasa kloridi. Chumvi haigandi kwenye elementi kama kalsiamu. Yenyewe hufanya maji yapitishe umeme kwa urahisi, na maji ya namna hiyo hula chuma haraka. Hita ya maji magumu hufa kwa kuungua elementi, na elementi inabadilishwa. Hita ya maji ya chumvi hufa kwa kutoboka tangi, na tangi likitoboka hakuna cha kubadilisha.

Maji ya Ziwa Victoria yanayonywewa Mwanza na Bukoba ni laini, yana madini machache. Ya Ziwa Tanganyika pale Kigoma yana madini mengi zaidi kwa mbali, ingawa macho hayaoni tofauti. Unguja maji mengi yanatoka kwenye mawe ya matumbawe, na matumbawe ni kalsiamu tupu, kwa hiyo ukoko ni wa lazima. Dodoma inategemea visima vya bonde la Makutupora, maji ya chini ya ardhi, na mwenye birika Dodoma hahitaji kuelezwa ukoko ni nini. Dar es Salaam ina maji ya aina mbili chini ya paa moja: ya DAWASA, mamlaka ya maji ya jiji, yanayotoka hasa mto Ruvu, ambayo tatizo lake kubwa ni tope wakati wa masika, na ya kisima, ambayo kadiri unavyosogea baharini ndivyo yanavyozidi kuwa na chumvi.

Arusha huwachanganya wengi. Maji ya miteremko ya Meru yana floridi nyingi, ile inayofanya meno ya watoto yawe na rangi ya kahawia, kwa hiyo watu hudhani yatakuwa yanaua hita kwa ukoko. Kwa kawaida si hivyo. Maji yenye floridi nyingi ya ukanda huu huwa na kalsiamu kidogo, kwa sababu kalsiamu na floridi hazikai pamoja kwa wingi ndani ya maji. Ukoko unakuwa mdogo, ila madini mengine yaliyomo bado yanapitisha umeme na kuila ile fimbo ya anodi nitakayoieleza mbele.

Kupima nyumbani ni rahisi. Chemsha maji ya nyumbani kwako kwenye birika safi kila siku kwa wiki mbili bila kulisugua. Ukiona ganda jeupe gumu chini na pembeni, maji ni magumu. Kama hakuna ganda la maana lakini maji yana ladha ya chumvi, tatizo lako ni chumvi. Ukiona ganda na ukaonja chumvi, unayo yote mawili, na kisima karibu na pwani mara nyingi ndivyo kilivyo. Kale kamita ka TDS wanakouza wauza vichujio hukupa jumla ya madini tu, hakakwambii kama ni kalsiamu au chumvi, kwa hiyo usikategemee peke yake. Kama umechimba kisima kwa gharama zile za kuchimbia, peleka chupa ya maji maabara ya mamlaka ya maji ukapate majibu kamili.

Shawa ya umeme

Hii ndiyo rahisi kununua na kufunga, na ndiyo yenye maisha mafupi. Ndani yake kuna chemba ndogo ya plastiki, kiwambo kinachosukumwa na presha ya maji ili kuwasha umeme, na elementi. Nyingi zina nguvu ya kilowati 5.5, kwa hiyo kwa umeme wa volti 230 zinavuta karibu ampea 24. Elewa hiyo namba kabla ya kulaumu shawa, maana shawa nyingi zinazosemekana zimeungua, kilichoungua ni waya. Fundi amechukua umeme kwenye soketi au ametumia waya wa milimita 2.5, kiungio kinapata moto kila mtu anapooga, plastiki inalainika, siku moja inanuka na kuzima. Waya wake uwe wa milimita 6, utoke moja kwa moja kwenye meni swichi na breka yake peke yake.

Kwenye maji laini, elementi ya shawa hukaa miaka. Kwenye maji magumu inapungua sana, na kwenye maji ya chumvi ile ya kawaida inaweza isifikishe mwaka. Sababu ni kwamba elementi ya shawa za bei ya chini ni waya mtupu uliosokotwa, unaogusana na maji moja kwa moja. Maji yakiwa na chumvi, umeme unavuja kwenye maji yenyewe. Ndipo unasikia mtu anasema bomba la shawa linampiga shoti. Hilo ni jambo la kuua, na haliishi kwa kuvaa ndala. Kuna shawa zilizotengenezwa kwa maji ya chumvi, ambazo waya wake umefungiwa ndani ya mrija wa chuma. Zinagharimu zaidi, na kwa kisima cha pwani hakuna haja ya kufikiria nyingine. Soma boksi: watengenezaji makini huandika maji ya aina gani yanafaa. Na iwe ya aina yoyote, waya wa ethi ufike ardhini kweli, na kwenye boksi la umeme kuwe na RCD ya miliampea 30 inayokata umeme unapovuja. Kazi hiyo mpe fundi umeme mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji.

Presha nayo ina lake. Shawa inahitaji maji yenye kimo cha angalau mita moja hivi juu yake ili kiwambo kisukumwe, na nyingi hazipendi presha inayozidi baa 4. Simtanki lililokaa kwenye mnara wa mita 6 linatoa karibu baa 0.6, hapo shawa inatulia. Ukiiunganisha na bomba la mtaani ambalo usiku presha yake inapanda, chemba inapasuka. Maji yakirudi baada ya mgao yanakuja na hewa. Hewa ikipita kwenye chemba wakati umeme umewaka, elementi inaungua kavu kwa sekunde chache tu. Fungua bomba jingine kwanza, hewa iishe, ndipo uwashe shawa. Wanaofuata hilo hawabadilishi elementi ovyo.

Faida yake kubwa, na ndiyo sababu siidharau, ni kwamba ikiharibika unatengeneza kwa pesa ndogo. Sehemu kubwa ni plastiki, kutu haina cha kula. Unabadilisha elementi na kiwambo, shawa inarudi kazini. Kwa nyumba ya kupanga hiyo ni hoja nzito.

Hita ya tangi

Tangi likitunzwa hudumu miaka 8 hadi 12, na mengine yanavuka hapo. Lisipotunzwa hufa mapema sana, na karibu mara zote sababu ni ileile: mwenye nyumba hakuambiwa kwamba ndani kuna kitu cha kubadilishwa.

Kitu hicho ni anodi. Matangi mengi ni ya chuma cha kawaida kilichopakwa enameli ndani, ule mpako wa kioo ulio kwenye mabakuli na masinia ya zamani. Enameli haikosi vijitundu na nyufa ndogo, na palipo na kijitundu chuma kingeshika kutu. Kwa hiyo ndani huwekwa fimbo ya magnesiamu. Magnesiamu huliwa haraka kuliko chuma, basi maji yanaimaliza yenyewe kwanza na kuliacha tangi. Fimbo ikiisha, zamu inafika kwa tangi.

Ukifungua sahani ya chini ya tangi lililokaa miaka minne kwenye kisima cha Mbezi bila kuguswa, unaona habari yote. Boliti zinagoma, gasketi imekakamaa na imeacha alama nyeusi kwenye ukingo. Maji ya rangi ya chai yanamwagika, nyuma yake vinafuata vipande vya ukoko vinavyogongana ndani ya ndoo. Elementi imevimba mara mbili ya unene wake. Na pale palipokuwa na fimbo nene kama kidole gumba umebaki waya mtupu wa katikati, na vijidonge vya unga wa kijivu viwili au vitatu vimeng'ang'ania. Wakati huo kama tangi bado halijatoboka una bahati. Weka anodi mpya siku hiyohiyo. Bei yake ni sehemu ndogo sana ya bei ya tangi.

Kwa maji laini kagua anodi kila baada ya miaka miwili. Kwa maji ya kisima kagua kila mwaka, na kwa maji ya chumvi waziwazi kila miezi sita mpaka ujue inaisha kwa kasi gani. Wapo wanaoitoa kabisa kwa sababu maji ya moto yananuka yai viza. Harufu hiyo huja pale maji ya kisima yenye salfeti na bakteria wake yanapokutana na magnesiamu. Dawa yake ni kuweka anodi ya aluminiamu yenye zinki na kulipasha tangi vizuri. Kuitoa na kuziba tundu ni kulihukumu tangi.

Wauzaji watakwambia chukua tangi la stenlesi uondokane na habari za anodi. Kwa maji laini nawaunga mkono. Kwa maji ya kloridi sikushauri: stenlesi ya kawaida, ile ya daraja 304, huliwa na kloridi kwenye maungio yaliyochomelewa, tena maji yakiwa ya moto ndiyo zaidi. Hutoboka kwa kijitundu kama cha sindano, na huko nje linabaki linang'aa. Ukilazimika kufunga tangi kwenye kisima cha pwani, nachagua la enameli nzito lenye anodi kubwa kabla ya stenlesi nyembamba, hata kama stenlesi ni ghali zaidi.

Joto ni jambo la pili. Weka themostati kwenye nyuzi 60. Chini ya 50 unaanza kufuga bakteria ndani ya tangi, na ukipanda 75 au 80 unaharakisha ukoko na kutu kwa pamoja. Wengi wanaopandisha hufanya hivyo kwa sababu walinunua tangi dogo. Piga hesabu hii: kama maji ya bomba yana nyuzi 25 na unaoga kwa nyuzi 40, tangi la lita 30 lililowekwa nyuzi 75 linakupa lita 100 za kuoga. Tangi la lita 50 lililowekwa nyuzi 60 linakupa lita 116. Kwa familia ya watu wanne, lile kubwa linawatosha bila kujitesa, lile dogo linakaa kwenye moto wa juu maisha yake yote. Tofauti ya bei dukani inarudi kwenye umri.

Halafu presha, na hapa naomba usikilize hata kama mengine utayaruka. Maji yakipashwa hutanuka. Tangi la lita 80 likitoka nyuzi 25 hadi 60 linapata zaidi ya lita moja ya maji yasiyokuwa na pa kukaa. Ndiyo maana kwenye mdomo wa maji baridi kuna valvu ya usalama: inazuia maji ya moto yasirudi nyuma, na presha ikivuka kiwango chake, kwa kawaida kati ya baa 6 na 8, inadondosha matone nje. Kudondosha wakati tangi linapasha ni kazi yake. Kuna mafundi wanaoiziba kwa plagi kwa sababu mwenye nyumba analalamika ukuta unalowa. Usikubali kamwe. Funga kimrija cha kupeleka matone kwenye gata au sinki, uache njia wazi. Tangi lililozibwa linatanuka na kusinyaa kila siku mpaka enameli inapasuka, na themostati ikigoma kukata, tangi hilo ni bomu lililotundikwa juu ya kichwa cha mtu anayeoga.

Valvu hiyohiyo inakuokoa kwenye mgao. Maji ya mtaani yakikatika, bomba linaweza kuvuta maji ya tangi kurudi chini. Pasipo valvu ya kuzuia, tangi linabaki nusu, mtu anawasha swichi, elementi inaungua hewani. Kama presha ya bomba lako inazidi baa 5, au una pampu ya kusukuma maji inayowaka na kuzima kwa kishindo, weka valvu ya kupunguza presha iwe baa 3. Tangi linalolishwa na simtanki kwa mteremko tu halina shida hiyo, na mara nyingi ndilo linalozeeka vizuri.

Kuhusu umeme wa kupanda na kushuka: elementi yenyewe haijali sana. Umeme ukishuka hadi volti 190, nguvu yake inabaki kama theluthi mbili, unasubiri zaidi, basi. Zinazokufa ni hita zenye skrini na vibonye, kwa sababu ubao wake wa elektroniki haupendi umeme kuruka. Mtaa wenye umeme wa kuyumba, nunua hita yenye themostati ya kuzungusha.

Kila miezi mitatu au minne zima umeme, fungua kitoleo cha chini umwage lita chache hadi maji yawe masafi, hasa wakati wa masika maji yanapokuja na tope. Ukoko wa elementi unaloweka kwenye siki au maji ya asidi ya ndimu mpaka ulainike. Usiugonge kwa nyundo. Na wakati wa kufunga, mwambie fundi aache nafasi chini ya tangi. Nimeona matangi yamebanwa juu ya dari ya jipsamu kiasi kwamba elementi haitoki bila kuvunja dari. Tangi la namna hiyo halitakaguliwa kamwe, na kila mtu aliyehusika anajua hivyo siku linapofungwa.

Sola

Sola nzuri hudumu miaka 15 hadi 20, na hapo ndipo inapozipita zote mbili. Lakini umri huo ni wa sola iliyochaguliwa kulingana na maji.

Aina ya bei nafuu ni ile ya mirija ya vioo iliyochomekwa moja kwa moja kwenye tangi. Maji yanaingia ndani ya vioo vyenyewe. Haina presha, inalishwa na simtanki, kwa hiyo tangi halichoshwi. Udhaifu wake ni kwamba haina themostati ya kuzima jua. Dodoma mwezi wa kumi, familia ikisafiri, maji yanakaribia kuchemka kila siku, na kwa maji magumu kila siku hiyo inaongeza ukoko chini ya vioo na kwenye raba za maungio. Ile ya bapa, yenye kioo kikubwa na mirija ya shaba chini yake, ni imara zaidi kwa mwili, ila mirija yake ni myembamba na ukoko unaiziba kabisa.

Kwa maji magumu, tafuta sola ambayo maji ya kuoga hayaingii kwenye mtego wa jua, yaani ile sehemu ya vioo au bapa inayopokea joto. Ipo ya mirija ya vioo yenye fimbo ya shaba ndani inayobeba joto hadi kwenye tangi, na ipo ya bapa inayozungusha kimiminika chake chenyewe kisichotoka. Ni ghali zaidi wakati wa kununua. Kwa Dodoma, kwa Unguja, kwa kisima chochote chenye ukoko, ndiyo sola pekee ninayoweza kumwambia mtu aweke pesa yake humo.

Vioo havivunjwi na mvua ya mawe mara nyingi kama vinavyovunjwa na wenye nyumba. Maji yakikatika sola ikakauka, vioo vinaweza kuvuka nyuzi 200 juani. Ukifungulia maji baridi saa saba mchana, vinapasuka. Subiri jua lizame, au ufungulie alfajiri. Wafundishe na watakaobaki nyumbani, maana wao ndio wanaofungulia.

Pwani, upepo wa bahari unakula stendi na boliti kabla maji hayajalifikia tangi. Boliti ziwe za stenlesi na stendi iwe ya aluminiamu. Makete na sehemu za Njombe, sakitu ya Juni na Julai inaweza kugandisha maji ndani ya sola ya bapa na kupasua mirija. Huko chukua ya vioo, au ya bapa yenye kimiminika kisichoganda. Tangi la lita 200 likijaa lina zaidi ya kilo 200, na mbao za paa ziwe zinalijua hilo tangu mwanzo.

Na usisahau kwamba sola nyingi zina elementi ya akiba kwa siku za mawingu, na tangi lake nalo lina anodi kama ni la enameli. Ile habari yote ya hita ya tangi inapanda nayo juu ya paa. Tofauti ni kwamba kule hakuna anayepanda kukagua.

Ya gesi, kwa kifupi

Hita ya gesi inaweza kufanya kazi miaka kumi na zaidi kwenye maji laini. Kwenye maji magumu, mrija wa shaba unaopashwa moto unaziba. Inahitaji presha ya kuaminika, kwa hiyo simtanki la mnara mfupi huisumbua. Na isifungwe bafuni. Gesi ikiungua pasipo hewa ya kutosha inatoa kaboni monoksidi, haina harufu, inaua mtu akiwa anaoga. Iwe nje ya ukuta, penye hewa ya kutosha.

Kwa hiyo uchukue ipi?

Maji laini ya ziwa au ya mlimani, Mwanza, Bukoba, Moshi, Lushoto: nyumba ni yako, weka sola yenye elementi ya akiba au hita ya tangi, vyote vitakulipa kwa miaka. Huku shawa ya umeme naiona ni ya wapangaji na ya bafu la wageni.

Maji magumu yasiyo na chumvi ya kuonja: sola ya fimbo za shaba kama uwezo upo. Kama haupo, hita ya tangi ya lita 50 au 80, nyuzi 60, iliyofungwa mahali inapofunguka, na tarehe ya kukagua anodi imeandikwa kwa kalamu ya rangi kwenye mwili wa tangi.

Maji ya chumvi na huna chanzo kingine: shawa ya umeme yenye elementi ya kufungiwa, ethi ya uhakika na RCD. Usizike pesa kubwa kwenye tangi litakalotobolewa. Elementi utabadilisha, na utabadilisha tena, bado utakuwa umetumia pesa kidogo kuliko aliyebadilisha matangi mawili.

Dar es Salaam, mwenye maji ya DAWASA na kisima pamoja, ana njia nzuri kuliko zote hizo, na karibu kila ramani ya nyumba ninayoletewa imeisahau. Tenganisha bomba. Simtanki moja, hata la lita 1,000, lipokee maji ya DAWASA tu, na kutoka hapo bomba moja liende kwenye hita na jikoni. Maji ya kisima yabaki kwa choo, kufua na bustani. Familia haioshi mwili kwa lita nyingi za maji ya moto, kwa hiyo simtanki hilo linavuka siku za mgao bila shida. Kwenye nyumba ambayo bado haijapigwa plasta, kazi hiyo ni mabomba ya ziada na viungio vichache. Ukingoja mpaka vigae vimekaa, utalipia kuvunja na kujenga upya. Mwambie fundi wako kabla hajaanza kuchimba ukuta.